Waya Uliopita Juu ya Mahindi Yangu

Nililima Theta miaka thelathini na mmoja, na katika hiyo, kumi na miwili waya wa jirani yangu Nekesa ulikuwa ukipita juu ya mahindi yangu. Haukunidhuru. Ulinikwaruza shingo mara moja tu, siku niliyokuwa nikikimbiza ng'ombe gizani, na hilo lilikuwa kosa la ng'ombe.

Wengi walimwita Mama Waya. Mimi nilimwita Mama Mourine, kwa jina la binti yake, naye akaniita Baba Kyengo. Alikuwa Mbukusu wa upande wa Kimilili. Usichana wake aliumalizia katika hospitali ya misheni huko kwao, enzi zile ambapo simu ilikuwa kitu cha kusikia kwa watu, na hospitali za vijijini zikiitana kwa redio. Sista mmoja mzee alimfundisha kuketi kwenye mtambo na kuita daktari au ndege. Jioni, kazi ikiisha, sista huyo huyo akamfundisha lugha ya nukta na vistari, ile ya ti-taa-ti, kwa sababu alisema sauti ya mtu hufifia hewani lakini nukta hufika.

Baadaye alikuja Thika kutafuta kazi kama sisi wote. Kiwanda cha nguo kilimchukua awe anawashikia mafundi wa stima ngazi, na miaka ikapita akawa fundi mwenyewe, mwanamke peke yake kati ya wanaume tisa. Alikaa hapo miaka ishirini na sita. Kiwanda kilipofungwa alitoka na magoti mabovu, na marundo ya nyaya kuukuu ambazo meneja alimwambia abebe tu, maana hakuna aliyezitaka. Mumewe alikuwa ameshafariki. Akanunua ploti ndogo kando ya shamba langu, akajenga vyumba viwili vya mabati, na kabla hata ya kumaliza choo akapandisha antena.

Nilidhani ni ya televisheni. Siku ya tatu nikamwona juu ya ngazi, magambuti miguuni na leso kiunoni, akivuta kamba aliyokuwa ameirusha juu ya mkalitusi kwa jiwe na manati. Waya ukapanda na mkalitusi mpaka karibu na kilele, kisha ukakata kona na kwenda kuning'inia kwenye mti mwingine upande wa pili wa ploti. Wiki iliyofuata akachimba mifereji midogo kuzunguka ule mti, kama miale ya jua anayochora mtoto, na kufukia nyaya nyingine humo. Thelathini na kitu. Hapo ndipo nilipomwendea.

"Mama, hii ni ya kushika nini?"

"Ni ya kuongea," akasema. "Nina leseni. Serikali imenipa jina la hewani."

"Kuongea na nani?"

"Yeyote aliye macho."

Alinieleza akiwa ameketi juu ya ndoo, akijisugua goti. Kuna masafa ya redio ambayo hata kijana wa shule anaweza kufika nayo Ulaya mchana kwa waya mfupi. Yeye hakuyapenda. Alipenda yale ya chini kabisa, yenye mawimbi marefu, ambayo hayasafiri mbali isipokuwa penye giza. Jua likitoka yanakufa. Lakini kuna dakika chache alfajiri, huku kwetu kukipambazuka na kule ng'ambo bado ni usiku, ambapo njia hufunguka kama mlango ulioachwa wazi kidogo, kisha hujifunga. Mawimbi marefu hutaka waya mrefu. Ndiyo maana alikuja kuniomba shamba.

Shamba langu lilikuwa jembamba na refu kama mkanda, hatua mia mbili na zaidi, na kwa bahati lilielekea upande ule ule aliotaka, kati ya kaskazini na magharibi, kuelekea Amerika. Alitaka kupitisha waya mmoja juu ya vigingi vya urefu wa mtu, mwisho wake ufungwe kwenye chuma kilichopigwa ardhini.

"Si uko na ile ya mkalitusi?" nikamuuliza.

"Ile ni mdomo, Baba Kyengo. Hii ni sikio. Mdomo hata mjinga anao."

Nikakubali. Mke wangu Nduku aliniuliza tutapata nini, nikamwambia labda mama yule atatutengenezea taa, na kweli alizitengeneza, mara nyingi, na hakuwahi kuitisha kitu.

Hayo maisha yake hayakuwa ya raha. Nataka niliseme wazi, kwa sababu watu husikia habari za redio na nchi za mbali wakadhani ni starehe. Kila siku aliamka saa kumi na nusu alfajiri na kuketi mbele ya mtambo, blanketi mabegani. Mara nyingi hakusikia mtu. Mvua ya radi ya Uganda ilimjaza masikio. Vigingi vililiwa na mchwa, akavibadilisha. Waya uliibiwa mara mbili, akaunga mwingine kutoka kwenye vipande. Aliporomoka kwenye ngazi mwaka wa korona, akatembea na mkongojo miezi minne, na mimi ndiye nilikuwa nikipita asubuhi kuangalia kama vigingi vimesimama. Mourine, aliye Ruiru na kazi nzuri, alimpigia kila Jumapili akimsihi ahamie kwake kwenye fleti. Nekesa alimjibu kwamba fleti haina udongo.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyemtafuta, mzee wa mashariki ya Kanada, mwalimu mstaafu. Walijuana kwa barua za kompyuta. Kwenye masafa mengine walikuwa wameshasikizana mara nyingi; kwenye haya ya chini kabisa, hata mara moja. Miaka minne walipanga siku, wakaitana, wakakosana. Mzee alimsikia Nekesa mara mbili. Nekesa hakumsikia. Hilo lilimsumbua zaidi kuliko kama wote wawili wangekuwa viziwi.

Basi, mwaka juzi Muema alimaliza kujenga.

Muema ni Mkamba mwenzangu, mtu wa duka la hardware, na alisimamisha nyumba ya ghorofa nne ng'ambo ya barabara yetu ya vumbi. Juu wakaingia wapangaji. Chini akampangisha Beth, msichana wa kwetu pia, naye akafungua mahali pa kuachia watoto. Wamama wanaokwenda viwandani Thika na Ruiru walimletea watoto kabla hakujapambazuka, wengine wamefungwa kwenye shuka bado wamelala.

Wiki chache baadaye nilimkuta Nekesa kwenye mlango wake asubuhi, hajapika chai, macho mekundu.

"Nimekuwa kiziwi," akasema.

Akanivisha hedifoni zake. Nikasikia mchakacho mzito, kama mtu anayekaanga samaki kwa mafuta mengi.

"Inaanza saa kumi na moja kamili," akasema. "Inaisha saa moja. Hiyo ndiyo saa yangu yote."

Siku kadhaa alidhani ni antena yake. Akashuka na kupanda, akafungua viungo vyote, akavisugua kwa msasa, akavifunga upya. Mchakacho haukupungua. Kisha alfajiri moja stima ikapotea mtaa mzima, na yeye alikuwa akitumia betri. Kelele ikakatika kana kwamba imekatwa kwa panga. Stima iliporudi, ikarudi nayo.

"Si hewa," aliniambia siku hiyo. "Ni nyumba ya mtu. Kuna mahali waya umelegea na stima inaruka pengo. Ikiruka hivyo inapiga kelele kwenye redio." Akaziangalia paa za mtaa. "Na inachoma, Baba Kyengo. Nimeona kiwandani. Inachoma polepole hadi siku moja inachoma haraka."

Alichukua redio ndogo ya mfukoni, akaiweka mahali pasipo na kituo, akaanza kutembea nayo alfajiri. Nilimfuata mara moja. Alisimama, akaigeuza redio taratibu mkononi mpaka mchakacho ukafifia, akaangalia ncha yake imeelekea wapi, akatembea hatua hamsini, akarudia. Wamama wenye watoto mgongoni walitupita wakituangalia. Mmoja akavuka barabara. Redio ilituleta mpaka kwenye ukuta wa Muema, upande wa chini, na hapo ikaunguruma hata bila kugeuzwa.

Keyteka, mtunza jengo, alikuwa kijana anaitwa Byron. Alikuwa akipiga deki ngazi.

"Mathe, sasa hiyo redio inakushow nini?" akauliza.

"Inaniambia kuna soketi au kiungo kinaungua hapa chini, mwanangu. Nifungulie nione."

"Stima ni mpya kabisa. Landlord atanifuta."

"Mwambie basi aje mwenyewe."

Muema alikuja Jumamosi, akiwa na haraka. Hakumwangalia Nekesa, aliongea na mimi, tena kwa Kikamba. Alisema fundi wake alipima kila kitu, alisema wapangaji wameshalalamika juu ya nyaya za huyu mama, kuna wanaosema zinaleta ugonjwa, na kama yeye ni mtu wa kutafuta makosa aanze kwake. Nilitafsiri nusu. Nekesa alielewa yote.

"Mwambie sitaki kitu," akasema. "Mwambie anipe dakika kumi na bisibisi."

Muema akaingia kwenye gari.

Tulirudi nyumbani. Nilitaka aache. Nilikuwa na sababu yangu: mwezi huo huo nilikuwa nimekubaliana na watu kuuza shamba, na sikuwa nimemwambia. Watoto wangu wanne hakuna aliyetaka jembe, Nduku alichoka kuishi katikati ya mawe ya ujenzi, na mimi mgongo ulikuwa umekwisha. Kila nilipofungua kinywa kumwambia nilimwona ameketi juu ya ndoo yake, anasugua goti, nikafunga kinywa.

Nekesa alikaa kitandani siku mbili. Siku ya tatu alinigongea.

"Twende kwa huyo msichana mwenyewe. Wewe uongee, mimi ataniogopa."

Kweli alimwogopa. Beth alitusimamisha mlangoni na mtoto begani. Nyuma yake kulikuwa na watoto kama kumi na watano kwenye magodoro, wengine wakikohoa.

"Mama Mourine, usikasirike," akasema, "lakini wanasema ni nyaya zako zinakohoza watoto."

Nilimuuliza kwa lugha yetu, polepole, kama kuna kitu anachowasha saa kumi na moja. Akafikiri. Akasema ndiyo, lile jiko la stima la uji, na hita ya maji ya kuwaosha, zote mbili kwenye soketi moja iliyo kwenye ubao wa ukutani. Anazima saa moja watoto wakishakula. Nikamuuliza kama amewahi kusikia harufu.

"Ya plastiki," akasema. "Kila asubuhi. Nilidhani ni jirani anachoma takataka."

Sikuhitaji kumtafsiria Nekesa. Aliniangalia usoni, akaona.

"Toa watoto," akasema kwa Kiswahili, sauti ya chini. "Toa watoto nje, mama. Pole pole, usiwashtue."

Beth hakubishana tena. Alianza kuwabeba wawili wawili, na mimi nikabeba. Byron alikuja mbio kuuliza kuna nini, na Nekesa akamwambia azime swichi kubwa ya upande wa chini. Akasita, akatazama barabarani kana kwamba Muema atatokea. Mtoto mmoja alikuwa amemshika suruali. Akaenda akazima.

Nekesa alipiga magoti mbele ya ule ubao. Ilimchukua muda kushuka, ikabidi nimshike mkono. Ulikuwa umebandikwa picha za wanyama, na magodoro ya akiba yalikuwa yameegemezwa upande wake mmoja mpaka karibu na dari. Tukayatoa. Akapima kwa testa kwanza, akapima tena, kisha akafungua skrubu nne. Ubao ulipotoka, nyuma yake ulikuwa mweusi, umekuwa makaa upana wa sahani. Waya ulikuwa umevua ngozi yake yote. Aliugusa kwa bisibisi na ukatoka wenyewe, haukuwa umeshikwa na chochote.

Byron alisema neno moja ambalo siwezi kuliandika. Beth aliketi chini pale mlangoni, akajifunika uso kwa leso.

"Godoro gani lilikuwa hapa karibu?" Nekesa akauliza.

Byron akalionyesha. Lilikuwa na alama ya rangi ya chai upande mmoja. Nekesa alilishika, akalinusa, akalirudisha.

Muema alifika baada ya nusu saa. Aliingia akiwa na maneno mdomoni, akauona ubao, akainama akayagusa makaa kwa kidole. Akatia funguo za gari mfukoni. Kisha akampigia fundi mwingine, sio yule wa kwanza, na fundi huyo alipekua jengo lote siku mbili na kukuta viungo vitatu zaidi vya namna hiyo. Hakumshukuru Nekesa. Alimwambia Byron tu kwamba yule mama akitaka kuangalia kitu asizuiwe. Kwa mtu kama Muema, hilo ni jambo kubwa, na Nekesa alilichukua hivyo.

Jioni ya siku ile ya ubao nilimwambia kuhusu shamba. Nilidhani nitasema vizuri lakini nilisema tu, tukiwa tumesimama kando ya kigingi cha kwanza.

"Nimeuza, Mama Mourine. Wanachukua mwisho wa mwezi."

Aliangalia waya wake, ulivyokwenda ukipungua mpaka kwenye mtaro wa mwisho.

"Zimebaki siku ngapi?"

"Kumi na moja."

"Sawa," akasema. Akakitikisa kigingi, akaongeza, "Ulipaswa kuniambia wakati nilikuwa bado kiziwi, nimekata tamaa. Sasa nasikia tena."

Hakukasirika, au kama alikasirika alikuwa amechoka mno kulionyesha. Alimwandikia yule mwalimu wa Kanada usiku huo huo, akampa tarehe za alfajiri zote kumi na moja zilizobaki.

Alfajiri nane hazikuleta kitu. Tatu za kwanza radi, moja stima ya mtaa ilipanda na kushuka, nne zilizobaki kimya safi kabisa ambacho alisema hajakisikia tangu ghorofa lijengwe, lakini kimya bila mtu ndani yake. Siku ya tisa niliamka mapema, nikaenda kuketi naye. Nilihisi nina deni la kukaa hapo, ingawa hakuniomba.

Chumba kilikuwa baridi. Alikuwa amevaa hedifoni, na mimi nikapewa sikio moja la zile za zamani. Kulikuwa na mvumo mdogo tu, kama upepo kwenye nyasi. Alibonyeza ufunguo wake, ti-ti-taa, akaita, akasikiliza. Akaita, akasikiliza. Dirisha lilianza kuwa la kijivu. Jogoo wa Nduku aliwika kule kwangu.

Kisha akanyoosha mkono na kunishika kifundo cha mkono, akanibana kwa nguvu. Sikusikia kitu. Nikafumba macho. Ndani kabisa ya ule mvumo kulikuwa na kitu chembamba, kama kifaranga kilichofungiwa nyumba ya tatu, kikilia kwa mpangilio. Kikapotea. Kikarudi. Kalamu yake ilikuwa ikiandika. Alijibu. Kile kifaranga kikalia tena, na akaandika herufi za jina lake la hewani jinsi zilivyorudi, moja imekosewa. Akarudia kuzituma, taratibu, herufi moja moja. Tukangoja. Sasa zikaja zote, sawasawa, na namba za kumwambia anasikika vipi, na baada yake herufi mbili za kuagana.

Dirisha likawa jeupe. Mvumo ukapanda na kufunika kila kitu.

Nekesa alivua hedifoni, akaziweka juu ya meza. Aliandika saa kwenye daftari lake. 

"Umri wake ni themanini na mmoja," akasema. "Amekaa macho mpaka usiku wa manane siku tisa." Akasugua goti. "Ngoja nikawape kuku maji."

Tulikunja waya siku ya mwisho na iliyotangulia. Byron alikuja kutusaidia kung'oa vigingi, na Beth akatuletea uji kwenye jagi. Mourine alifika mchana na gari, akamkuta mama yake amekaa chini kwenye matuta, nyaya zimemzunguka, na kwa mara ya kwanza hakumwambia habari ya fleti. Alivua viatu vyake vya mjini akashika upande wa pili wa waya.

Mkalitusi bado upo, na mdomo bado uko juu yake. Kwa kusikia amejitengenezea fremu ndogo ya mbao yenye waya uliozungushwa, anaigeuza kwa mkono juu ya paa. Anasema inasikia robo ya ile ya zamani, na msingi wa jengo jipya ukishachimbwa penye lililokuwa shamba langu itasikia nusu ya hiyo robo. Bado anaamka saa kumi na nusu. Siku nyingine anasinzia hapo hapo mezani.

Mimi nimehamia kwa mdogo wangu, upande wa Yatta. Nilipokwenda kumuaga aliniuliza kama kule kuna stima.

"Haijafika," nikasema.

"Basi hakuna kelele huko," akasema. "Na shamba lina urefu gani?"

Kule ni mawe na mteremko, ni mbali, na hatua mia mbili kwa magoti yale si mchezo. Nilimwambia nitaangalia. Akaitikia kwa kichwa, akarudi ndani, na nikasikia mlango wa bati ukifungwa.